UZI: Madevelopa tuache kumwachia mteja kazi ya kutesti, na tuchague zana tunazozimudu

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu habari za jioni.

Nina jambo naomba tulijadili kwa utulivu maana linatuharibia jina wote tunaoandika programu. Siku hizi mfumo unaandikwa, unafunguka kwenye laptopu ya aliyeuandika, anabonyeza mara mbili tatu anaona unasevu, basi unapandishwa laivu na mteja anaambiwa ukiona tatizo tupigie. Yani mteja ndo anageuzwa mtu wa kutesti, bila kuambiwa, kwa hela yake mwenyewe, na muda huo huo wateja wake yeye wamejaa kaunta wanamsubiri. Alafu akipiga simu anajibiwa "mbona kwangu inafanya kazi".

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kutesti ni kazi ya aliyeandika kodi (yani maandishi ya programu, sio kodi ya TRA). Hata kama ofisini kuna mtu wa QA (mkaguzi wa ubora), sio ya kwake peke yake. Fundi umeme akimaliza kufunga waya anawasha taa zote mwenyewe kabla hajadai hela yake, hamwachii mwenye nyumba aje agundue usiku. Na la pili ambalo naona watu wanalitenga na hili wakati ni kitu kimoja: zana unayoichagua kujengea, iwe lugha, fremuweki, databesi au seva, ichague kwa kujiuliza kama wewe na timu yako mnaweza kuitesti na kuitengeneza ikikorofisha. Kama hamuwezi, hiyo zana haiwafai hata kama dunia nzima inaisifia.

Naanza na mfano wa Marekani kwa sababu ripoti yake iko wazi na kila kilichotokea kimeandikwa. Kampuni ya Knight Capital ilikuwa inanunua na kuuza hisa kwa kompyuta. Tarehe 1 Agosti 2012 soko la hisa la New York lilikuwa linaanza utaratibu mpya, nao wakaandika programu mpya ya kuendana nao. Walikuwa na seva 8. Aliyepandisha kodi mpya akaiweka kwenye seva 7, ya nane akaisahau, na hapakuwa na mtu wa pili wa kuhakiki. Kwenye ile ya nane ilikuwemo kodi ya zamani iliyoitwa Power Peg ambayo haikutumika tangu 2003 lakini hakuna aliyeiondoa. Na hiyo programu mpya ikatumia swichi ile ile iliyokuwa zamani inaiwasha Power Peg. Soko lilipofunguliwa asubuhi seva ya nane ikaanza kununua na kuuza bila kukoma. Power Peg ilitakiwa ihesabu hisa zilizokwishanunuliwa ili ijue pa kuishia, lakini hicho kipande cha kuhesabu walishakihamisha mwaka 2005, na baada ya kukihamisha hawakuitesti tena. Miaka saba kosa limekaa humo ndani kimya.

Sasa sikieni sehemu inayoniuma zaidi. Kabla soko halijafunguliwa mfumo wenyewe ulituma barua pepe 97 kwa wafanyakazi zikitaja kosa la Power Peg, hakuna aliyezishughulikia. Na moto ulipowaka, katika kuhangaika kuuzima wakaiondoa kodi mpya kwenye zile seva 7 zilizokuwa nzima, kwahiyo ile kodi ya zamani ikaamka kwenye seva zote. Dakika 45 hivi, miamala zaidi ya milioni 4, hasara zaidi ya dola milioni 460. Mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ikawapiga faini ya dola milioni 12 mwaka 2013, na mpaka wakati huo kampuni yenyewe ilishaunganishwa na nyingine.

Mtu atasema hayo ni ya wenye mabilioni. Lakini angalieni kilichokosekana pale ni vitu gani: kodi iliyobadilishwa haikutestiwa tena, kodi isiyotumika haikufutwa, aliyepandisha hakuhakikiwa, na ujumbe wa kosa haukusomwa. Hamna hata kimoja hapo kinachohitaji bilioni. Vyote vinafanyika kwenye ofisi ya watu wawili Kariakoo.

Nikija kwetu, kuna makosa ambayo dev wa Ulaya anaweza asiyawaze ila sisi hatuna kisingizio, maana tunaishi nayo. Chukua jina tu. Mfumo wa shule, wa hospitali, wa saccos, wa chochote, lazima siku moja aje mtu wa ukoo wa Ng'wandu au Nyang'oro. Kile kialama cha juu kwenye ng' kinaua mfumo ulioandikwa kwa kuunganisha maneno ya SQL (lugha ya kuiamuru databesi) kienyeji, fomu inagoma kusevu na mtu wa mapokezi anachofanya ni kuandika "Ngwandu" ili foleni isogee, na kuanzia hapo jina la mtoto kwenye mfumo halifanani na la cheti cha kuzaliwa. Na hiyo kugoma ina maana mlango uko wazi, yeyote mwenye nia mbaya anaweza kupenyeza amri zake kwenye databesi kupitia hapo hapo. Hata ukishalirekebisha kuna la pili: simu nyingine zinaandika kialama kilichonyooka, nyingine zinaandika kilichopinda, kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti, kwahiyo mtoto kaandikishwa kwa simu ya mwalimu mmoja na mwalimu mwingine akimtafuta haonekani. Testi ya dakika kumi ingeonyesha yote hayo.

Au saa. Seva nyingi zinakuja zimewekwa saa ya UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko mbele masaa matatu. Duka la dawa linalofanya kazi usiku kucha likiuza saa nane usiku, kwenye seva ni saa tano usiku wa jana yake. Usipoligeuza, ripoti ya siku inakula mauzo ya masaa matatu na kuyatupia siku iliyopita, na mwenye duka akifunga hesabu hazilingani na hela iliyoko drooni. Anayetiliwa shaka ni binti wa zamu ya usiku, hakuna anayeiwazia programu.

Hapo ndo nasema hili sio suala la ufundi peke yake. Uingereza mfumo wa Horizon wa posta ulioanza kutumika mwaka 1999 ulikuwa unaonyesha upungufu wa hela ambao haukuwepo, na wasimamizi wa posta ndogo ndogo zaidi ya 900 wakatiwa hatiani kwa wizi na kughushi hesabu, wengine wakafungwa jela, wengine wakafilisika, kwa sababu mahakamani iliaminika kompyuta haiwezi kukosea. Ilichukua mpaka Desemba 2019 jaji kusema wazi kwamba mfumo ulikuwa na makosa, na mpaka 2024 bunge kupitisha sheria ya kuzifuta hukumu kwa mkupuo. Nyuma ya ile namba ya upungufu kulikuwa na kodi, na kodi iliandikwa na watu kama sisi.

Karibuni tujadili.

#2 Mdau wa Mwanza

Mkuu umeongea lakini naona unatubebesha peke yetu. Bosi anakupa wiki mbili kwa kazi ya miezi miwili, mteja anataka mfumo wa hoteli kwa laki tano na anataka ijumaa. Hapo utesti na nini? Ukisema unaongeza siku za kutesti anakwenda kwa dogo mwingine atakayemfanyia kwa laki tatu. Tuwe wakweli, soko ndo linatufanya hivi.

#3 Mwanzisha uzi

Kiongozi nakuelewa na sipingi kwamba soko ni gumu. Ila tatizo naliona mahali pengine: sisi wenyewe ndo tunaandika makadirio yenye mstari wa "kutesti", kwahiyo bosi akitafuta pa kukata anauona na anaukata. Mstari huo usiwepo kabisa. Kazi ya kuandika fomu ya malipo ni kuiandika na kuitesti, bei moja, siku moja ya kukabidhi. Hamna fundi anayeuza mlango na kuchaji bawaba pembeni.

Na sijasema utesti kila kitu. Kama muda ni mdogo anza na pale panapopita hela, pale panapoingia jina la mtu, na pale panapofutwa kitu. Rangi ya kitufe iache. Hoteli ya laki tano ina mahesabu ya sehemu tatu nne tu: kukodisha chumba, kubadilisha tarehe, kulipa nusu, kurudisha hela. Ziandikie testi za kujiendesha hizo, siku ukirekebisha kitu kingine unazikimbiza zote kwa sekunde chache unajua kama umevunja. Kwa uzoefu wangu asiyeandika hizo anazilipa baadae kwa simu za usiku wa manane na safari za bure kwenda kwa mteja, na hizo hamna anayemlipia.

#4 Mdau wa Nairobi

Wakuu salamu kutoka huku Nairobi. Nitaongezea kwa upande wa malipo maana hapo ndipo pesa za watu hupotelea. Wale mnaojenga juu ya Daraja, njia ya kuunganisha mfumo wako na M-Pesa, mnajua ukituma ombi la kumtokezea mteja dirisha la PIN unapata jibu hapo hapo lenye namba 0. Developa mchanga akiona 0 anaandika LIPWA. Hiyo 0 ya kwanza inamaanisha tu kwamba ombi limepokelewa, mteja hata PIN hajaweka! Jibu la kweli linakuja baadaye kwa anwani uliyoipeana, na ndilo lina matokeo: 0 amelipa, 1032 amekataa mwenyewe, 1037 simu haikupatikana au muda umeisha. Nimeona duka la mtandaoni likitoa mzigo kwa watu waliobonyeza kukataa.

Halafu testi ambayo wengi hawafanyi ni hii. Tuma jibu lile lile mara mbili kwa seva yako, uone salio la mteja linaongezeka mara ngapi. Likiongezeka mara mbili uko na shida. Mtandao ukikwama ujumbe unaweza kurudiwa, na mteja naye akiona kimya anabonyeza tena. Suluhu si ngumu, namba ya muamala iwekewe sharti kwa databesi isijirudie, mara ya pili databesi yenyewe inakataa. Usitegemee if (sharti la "kama") ya kwa kodi peke yake kwa sababu maombi mawili yakiingia kwa wakati mmoja yote yatapita hiyo if.

Na ya mwisho, testi jibu lisipokuja kabisa. Wengi wamejenga wakidhani litakuja tu. Weka kazi ya kuuliza hali ya muamala baada ya dakika kadhaa, la sivyo mteja amekatwa pesa na kwako inasoma inasubiri mpaka kiama.

#5 Mwanzisha uzi

Mkuu wa Nairobi ubarikiwe, hilo la maombi mawili kuingia kwa pamoja nilitamani kila anayesoma huu uzi alirudie mara mbili.

Sasa niingie kwenye zana kama nilivyoahidi. Naona timu ya watu watatu inajenga mfumo wa kusajili wanachama wa saccos moja, wanachama mia nne hivi, na wamegawa mfumo vipande kumi na viwili vinavyoongea kwa mtandao, wana Kubernetes (zana ya kuendesha vipande vingi kwenye seva nyingi), wana foleni ya ujumbe, wana databesi za aina tatu. Ukiwauliza mnautesti vipi, hakuna hata mmoja mwenye laptopu inayoweza kuuwasha mzima. Kwahiyo kila mtu anatesti kipande chake, na makosa yote yako katikati ya vipande ambapo hakuna anayeangalia. Ndo maana nasema testi na zana ni kitu kimoja. Mfumo usiowaka wote kwenye mashine ya dev, umeme ukiwa umekatika na bando limeisha, huo kwa mazingira yetu kuutesti ni bahati nasibu.

Hata Amazon kwenyewe, mwaka 2023 timu ya Prime Video inayokagua ubora wa picha ilieleza kwamba walikijenga chombo chao kwa vipande vingi vilivyotawanyika, gharama zikawapanda, wakaviunganisha kuwa programu moja na gharama ikashuka kwa asilimia 90. Na hao ndo wenye klaudi yao, yani seva za kukodisha mtandaoni! WhatsApp ilipouzwa kwa Facebook mwaka 2014 ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 450 na wahandisi wachache mno, taarifa za wakati ule zilitaja 32, na walijengea Erlang, lugha iliyozaliwa Ericsson miaka ya 80 kwa ajili ya mitambo ya simu. Haikuwa lugha ya fasheni. Ilikuwa inafaa kwa kazi ya kubeba mazungumzo mengi kwa wakati mmoja, na wao walikuwa wanaijua mpaka ndani.

#6 Mdau wa Dodoma

Hapa sikubaliani na wewe mkuu. Matangazo ya kazi yote siku hizi yanataka Kubernetes, yanataka klaudi, usipoyagusa kazini utayajulia wapi? Na wateja wanakua, leo mia nne kesho elfu arobaini, ukijenga kizamani utakuja kubomoa. Mi naona kujenga kwa ajili ya kesho ndo ueledi wenyewe.

#7 Mwanzisha uzi

Hoja ya ajira naiheshimu kabisa, vijana wanatafuta maisha. Jifunze, weka mradi wako pembeni, vunja uwezavyo. Ila mfumo wa mteja sio mahali pa kujifunzia kitu ambacho wewe ukiondoka hakuna wa kukirithi. Mhasibu wa saccos hana habari na CV ya mtu, anataka mwisho wa mwezi riba ikokotolewe sawa.

Kuhusu kukua, mwenye wanachama mia nne akifika elfu arobaini bado hizo ni data ndogo sana kwa databesi kama PostgreSQL au MySQL kwenye seva moja ya kawaida yenye indeksi zilizowekwa vizuri. Watu wanadharau kitu kwa sababu kimezeeka. SQLite, databesi ndogo inayokaa ndani ya apu yenyewe, ipo tangu 2000, ipo ndani ya kila simu ya Android tunayoishika, na kwa maelezo ya waandishi wake wenyewe mistari ya testi ni mara 590 ya mistari ya programu yenyewe. Mara mia tano na tisini! Mtu anayeandika apu ya kukusanya takwimu vijijini ambako mtandao unakuja na kuondoka, anaweza kuihifadhi kazi yote humo kwenye simu na kuituma mtandao ukirudi, bure, na kitu kimetestiwa kuliko chochote atakachokijenga yeye. Lakini utakuta anaacha hiyo anachukua kitu kilichotoka miezi sita iliyopita kwa sababu amekiona kwenye video.

Na kila kifurushi cha kodi unachovuta kutoka nje ujue unaajiri mtu usiyemjua. Machi 2016 kuna dev aliondoa vifurushi vyake npm, ghala la mtandaoni la vifurushi vya JavaScript, baada ya kugombana juu ya jina la kimoja, kimojawapo kiliitwa left-pad, mistari 11 tu ya kuongeza nafasi mwanzoni mwa neno, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengeka siku hiyo hiyo mpaka npm wenyewe wakakirudisha. Mistari 11 unaiandika mwenyewe kabla chai haijapoa na unaitesti.

#8 Mdau wa Arusha

Jamani naomba niseme kama mtu wa QA, maana mnatutaja taja. Mimi ni dada ninayetesti kazi za madevelopa kwa mshahara na naipenda kazi yangu. Kinachonivunja moyo ni kuletewa kitu ambacho nikibonyeza Tuma na fomu ikiwa tupu kinakufa. Siku nzima naimalizia kuandika makosa ambayo mwenye kodi angeyaona mwenyewe kwa nusu saa, alafu yale ya ndani ambayo ndo utaalamu wangu sifiki. Na nikiripoti najibiwa "hakuna mteja atakayefanya hivyo".

Nawapa moja. Apu ya wakala, sehemu ya kiasi. Nikaandika 10,000 na koma kama tunavyoandika kila siku kwenye risiti na vitabu vya mauzo. Mfumo ukasoma 10. Shilingi kumi! Kwa sababu kile kitendo cha JavaScript cha kugeuza maandishi kuwa namba kinasoma tarakimu mpaka kikutane na kitu kisichokijua, kinaishia hapo na hakilalamiki. Dev yeye siku zote alikuwa anatesti kwa kuandika 10000 maana ndo anavyofikiri kichwani.

Na tafadhali tumieni simu za wateja wenu. Simu ya mama ntilie ina nafasi ya kuhifadhia iliyojaa picha na video za WhatsApp, kioo kimepasuka kona, anaishika juani, na maandishi amekuza mpaka mwisho kwa sababu ya macho. Ukikuza maandishi hivyo kwenye apu nyingi, kitufe cha Thibitisha kinasukumwa nje ya kioo, hakifikiki. Hilo emuleta (simu ya kuigiza) ya kwenye laptopu haikuonyeshi mpaka uliombe.

#9 Mwanzisha uzi

Dada umesema ukweli mtupu na nashukuru. Hilo la maandishi makubwa naliongeza kwenye orodha yangu leo leo.

#10 Mdau wa Mwanza

Nimesoma hoja zenu nakubali sehemu kubwa, hasa hilo la kutoweka mstari wa kutesti. Ila swali. Siku hizi AI inaandika kodi na inaandika na testi zake, unaibonyeza tu unapata testi mia mbili zote kijani, yani zimepita. Si tatizo limekwisha?

#11 Mwanzisha uzi

Halijakwisha kiongozi. Ukimpa AI kodi yenye kosa ukamwambia aiandikie testi, mara nyingi anaangalia kodi inafanya nini anaandika testi inayothibitisha kwamba inafanya hivyo hivyo. Kama kodi inasoma 10,000 kuwa 10, unaweza ukapata testi ya kijani inayosema jibu sahihi ni 10. Jibu linalotarajiwa lazima litoke nje ya kodi, kwa mteja, kwa mhasibu, kwa risiti ya karatasi. Chukua daftari la mwezi uliopita lililofungwa kwa mkono, ingiza miamala ile ile, ulinganishe na jumla ya mhasibu. Ukishapata jibu hilo, kuandika ile testi yenyewe hata AI akusaidie hamna shida.

Na kuna testi moja ambayo haimo kwenye kodi kabisa na karibu kila ofisi haifanyi, ni ya bakapu (nakala ya akiba ya data). Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kodi za madevelopa, usiku akiwa amechoka alifuta folda ya databesi akidhani yuko kwenye seva ya akiba kumbe yuko kwenye seva kuu. Kati ya GB 300 hivi zikabaki kama 4.5 alipostuka na kuisimamisha. Wakaenda kwenye bakapu. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi na kuakisi data, hamna hata moja iliyowapa walichotegemea. Ile ya kila siku ilikuwa inagoma muda mrefu kwa sababu chombo cha kunakili kilikuwa cha PostgreSQL 9.2 wakati databesi ni 9.6, na barua pepe za kuwaambia imegoma zilikuwa zinakataliwa njiani kwa sababu hazikuwa na saini inayotakiwa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono kwa shughuli nyingine masaa sita kabla. Data ya masaa hayo sita ikapotea. Nawapongeza kwa kitu kimoja, waliweka kila kitu wazi, hata zoezi la kurejesha walilirusha mubashara watu wakiangalia, hawakufanya ile ya funika kombe mwanaharamu apite.

Kwahiyo bakapu ambayo hujawahi kuirejesha usiihesabu. Mara moja kwa mwezi chukua faili, lirejeshe kwenye mashine tupu, fungua mfumo juu yake, tafuta muamala wa jana. Kama upo, una bakapu.

#12 Mwanafunzi

Shikamooni wakubwa. Nasoma chuo mwaka wa tatu, nina mfumo wa duka la nguo la shangazi yangu nimeuandika kwa PHP na MySQL, nilikuwa naona aibu maana wenzangu wote wanatumia vitu vipya. Baada ya kusoma hapa nimejaribu lile la dada wa Arusha, nikaandika 10,000, kweli imesevu 10! Nimestuka sana. Sasa nirekebishe vipi, niwakataze koma au niziondoe? Na nianze kutesti wapi maana chuoni tumefundishwa nadharia tu.

#13 Mwanzisha uzi

Marahaba mdogo wangu, na PHP na MySQL kwa duka la shangazi ni chaguo zuri kabisa, hosti yoyote ya bei ndogo inaiendesha na ukienda field mwenzako anaweza kuishika. Usibadilishe.

Koma usiwakataze, watu wameizoea. Iondoe upande wa seva kabla ya kugeuza kuwa namba, usitegemee ukurasa peke yake maana kesho utaandika apu ya simu itakayotuma kwenye seva hiyo hiyo. Ikishaondolewa, kama kuna chochote kilichobaki ambacho sio tarakimu, kataa na mwambie mtumiaji, usikisie. Hasa nukta. Mwingine anaandika 10.000 akimaanisha elfu kumi, na ukiiruhusu inakuwa kumi tena. Kwenye databesi weka namba kamili, sio za desimali zinazoelea, shilingi yetu haina haja ya senti dukani. Na kabla hajathibitisha muonyeshe kiasi kimeandikwa kwa maneno, "shilingi elfu kumi", shangazi ataliona kosa hapo hata kama wewe hukuliona.

Pa kuanzia ndo hapo hapo. Weka PHPUnit (zana ya kutesti kodi ya PHP), tengeneza faili moja, andika testi za hicho kitendo kimoja cha kusoma kiasi: 10000, 10,000, 10.000, nafasi mbele, nafasi nyuma, sehemu tupu, sifuri, namba hasi, herufi. Kila moja uandike jibu unalolitaka kabla hujaikimbiza. Ukimaliza nenda kwenye kurudisha nguo na kupunguza bei, hapo ndo madukani hesabu huvurugika. Na zile zilizokwishasevu 10 badala ya 10,000 usizirekebishe kimya kimya kwenye databesi, kaa na shangazi na vitabu vyake mzipitie moja moja, muweke na kumbukumbu ya nani karekebisha na lini. Ukikwama tupia hapa hapa tutaangalia pamoja.